Jemadari Asiyetajwa Shairini

Mpenzi wa ushairi akisoma utungo wa Alfred Tennyson juu ya shambulio la Balaclava, uliochapwa katika jarida la The Examiner mwezi Desemba 1854, atasikia vishindo vya kwato na ngurumo za mizinga, na atawalilia askari. Jina la aliyewaongoza hatalikuta. Watunzi wetu wa tenzi za vita huwataja majemadari kwa majina na nasaba zao; Tennyson alikiri kuwa kosa lilitendeka, akamsitiri mkosaji.

Kiongozi huyo ni James Brudenell, Earl wa saba wa Cardigan, aliyezaliwa mwaka 1797, mwana wa kiume pekee kati ya dada saba. Bungeni aliingia mwaka 1818 kwa kiti kilichokuwa mikononi mwa jamaa zake. Jeshini mwaka 1824. Zama hizo vyeo vya jeshi la Uingereza vilinunuliwa kwa fedha, naye kwa muda wa miaka minane tu akawa kamanda wa kikosi. Mwaka 1834 alivuliwa ukamanda kwa kumwonea ofisa wake. Miaka miwili baadaye, kwa upendeleo wa wakubwa, akapewa kikosi kingine, akakivisha na kukipamba kwa mali yake mwenyewe. Mwaka 1840 alimjeruhi kwa bastola Harvey Tuckett, ofisa wa zamani wa kikosi hicho hicho. Alihukumiwa na malodi wenzake, akaachiwa kwa kuwa jina kamili la majeruhi halikuthibitishwa!

Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Krimea, Lord Raglan aliyekuwa kilimani aliwaona Warusi wakitaka kuondoa mizinga waliyoiteka, akatuma amri wazuiwe. Lord Lucan, aliyekuwa bondeni, hakuiona mizinga hiyo. Kapteni Nolan, mleta amri, alipoulizwa ni mizinga ipi, alinyosha mkono tu. Lucan akampa amri Cardigan, shemeji yake. Na mashemeji hawa walichukiana kwa miaka mingi. Cardigan alieleza hatari iliyo mbele, kisha akatii. Wapanda farasi wapatao 670 wakaingia katika bonde lenye mizinga pande tatu. 110 hivi wakauawa, Nolan miongoni mwa wa kwanza.

Mwoga hakuwa. Alitangulia mbele ya wote bila kugeuka nyuma, akaifikia mizinga. Ila akiisha kufika aliona kazi yake imekwisha, akarejea, akawaacha watu wake wajitafutie njia. Usiku ule alilala katika jahazi lake la anasa bandarini.

Hapo ndipo mfasiri anapotahayari. Akiandika “amekosea”, amemtwika mtu mmoja mzigo wa wanne. Akiandika “wamekosea”, amemsahihisha Tennyson, ambaye alimkusudia mmoja. Mimi naona heri umoja ubaki, na msomaji aelezwe pembeni.

Cardigan alipokewa Uingereza kwa shangwe, akafanywa mkaguzi mkuu wa askari wapanda farasi. Alifariki mwaka 1868 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Sweta ya vifungo, ile wanayoivaa wazee wetu wakati wa kipupwe, Waingereza wanaiita kwa jina lake.