Mfuko wa hewa wa gari

Mfuko wa hewa ni kifaa cha usalama kinachofichwa ndani ya usukani, dashibodi au kando ya viti vya gari. Ajali kubwa inapotokea hujaa gesi ghafla ili kuzuia kichwa na kifua cha msafiri visigonge sehemu ngumu.

Kuujaza mfuko si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kuamua ujazwe lini. Ukichelewa, dereva huwa ameshasogea mbele, na mfuko unaofumuka kwa nguvu humpiga usoni. Kwa hiyo vihisi hupima jinsi mwendo unavyopungua na kupeleka habari kwa kompyuta ndogo. Breki kali hupunguza mwendo taratibu sana ikilinganishwa na kugonga ukuta. Shimo la barabarani hutoa mshtuko mkali, lakini huisha mara moja. Ndiyo maana kompyuta haitazami ukubwa wa mshtuko tu, bali pia muda wake. Katika magari mengi mfuko wa mbele hufunguka kwa ajali inayolingana na kugonga ukuta mgumu kwa kilomita 16 hadi 26 kwa saa.

Uamuzi ukishafanyika, cheche ya umeme huwasha kemikali. Kwa miaka mingi ilitumika azidi ya sodiamu, ambayo hutoa nitrojeni. Mfuko hujaa kwa takriban sehemu 30 za elfu za sekunde, upesi kuliko kupepesa jicho. Mara mwili unapouegemea, gesi hutoka kupitia matundu yake, la sivyo ungemrudisha mtu nyuma kama mpira.

Mmarekani John Hetrick alipata hataza ya mfuko wa namna hii mwaka 1953, lakini hewa iliyoshindiliwa aliyokusudia kutumia haikuweza kujaza mfuko upesi vya kutosha. Mwaka 1981 Mercedes-Benz iliuweka katika magari yake pamoja na mkanda unaojikaza.

Mfuko haukuja kuchukua nafasi ya mkanda. Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, watoto na watu wafupi waliokaa karibu nao waliuawa na mfuko wenyewe, hata katika ajali ndogo. Baadaye nguvu yake ilipunguzwa. Dereva hushauriwa kukaa angalau sentimita 25 kutoka usukani. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko unaofanya kazi.

Mfuko hutumika mara moja tu. Anayenunua gari lililotumika na atazame taa ya onyo: ikibaki inawaka baada ya injini kuwashwa, mfumo una hitilafu na mfuko huenda usifunguke.