Mkono Mtupu Haulambwi: Hatima ya Majimbo ya 1963

Mkono mtupu haulambwi, walinena wahenga. Methali hii twaitumia zaidi katika mambo ya kukirimiana, lakini imebeba pia historia ya majimbo ya Kenya, ambayo kwetu watu wa Pwani si habari ya mbali.

Tuanze na kodi. Kwa mkataba wa 1895, Uingereza ilikubali kumlipa Sultani wa Unguja pauni 11,000 kila mwaka ili iutawale mwambao, ule ukanda wa maili kumi kutoka ufukoni. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ilhali amri na ushuru vilikuwa mikononi mwa Mwingereza. Mwenye bendera hakuwa mwenye hazina.

Uhuru ulipokaribia, wenyeji wa Pwani waligawanyika. Wako waliotaka mwambao ujitawale au urudi Unguja. Wako waliotaka Kenya moja. Ronald Ngala na chama chake cha KADU walishika njia ya kati: nchi iwe moja, lakini kila jimbo liwe na baraza lake, lisimamie elimu ya msingi na serikali za mitaa, ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. KANU ya Jomo Kenyatta ilitaka serikali moja yenye nguvu. Katika mikutano ya Lancaster House jijini London, mwaka 1962 na 1963, KADU ilipata majimbo yake. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, walikubaliana mwambao uingie Kenya, kwa ahadi kwamba mahakama za kadhi na hati za ardhi zitalindwa.

Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru, ikiwa na majimbo saba na eneo la Nairobi, pamoja na Seneti ya wajumbe 41. Ngala akawa rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Vifungu vya majimbo vilitiwa kufuli zito: havikuweza kubadilishwa ila kwa robo tatu ya kura za Baraza la Wawakilishi na tisa ya kumi ya kura za Seneti. Kufuli hilo halikudumu mwaka mmoja.

Lilifunguka kwa sababu ufunguo ulikuwa Hazina. KANU, iliyoshinda uchaguzi wa Mei 1963, ilikawia kuyakabidhi majimbo kazi na watumishi, na majimbo hayakuwa na fedha za kutosha kusimama yenyewe. Wabunge wa KADU walihamia KANU mmoja baada ya mwingine, hata Novemba 1964 chama chenyewe kikavunjwa. Marekebisho ya katiba ya mwaka huo yakayapokonya majimbo mapato yao ya kujitegemea, yakabaki kungojea ruzuku. Kisha majimbo yakaitwa mikoa, na mwaka 1968 mabaraza yake yakafutwa kabisa.

Mwaka huo huo Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, aliandika waraka uliouliza: Kenya: Twendapi? Hakuwa akiyatetea majimbo. Alishutumu jinsi chama tawala kilivyoubana upinzani. Alifungwa miaka mitatu. Mamlaka yote yakishakusanyika mahali pamoja, hata swali huwa hatia.

Insafu yatutaka tuseme na upande wa pili. Hofu ya KANU kwamba majimbo yangeigawa nchi changa haikuwa ya bure. Katika miaka ya 1990 neno hilo liligeuzwa silaha ya kuwafukuza majirani. Likoni, Agosti 1997, watu wa bara waliuawa na kufukuzwa makwao. Kugawana madaraka ni jambo moja, kubaguana ni jingine.

Katiba ya 2010 ilirejesha Seneti, ikaunda kaunti 47, sita kati yake Pwani. Safari hii fedha nazo ziliandikwa: kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Ni hatua kubwa ambayo Ngala hakuijaliwa. Hata hivyo, kodi ya mapato na ushuru wa forodha hutozwa na serikali kuu peke yake. Mwaka 2024 kaunti zilikuwa zimetengewa shilingi bilioni 400.1, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, mgao ulishushwa hadi bilioni 387.4. Kaunti hazikuutunga mswada ule, lakini zilishiriki hasara yake.

Kwa hiyo tuulizanapo kama ugatuzi umefaulu, tusihesabu mabaraza wala magari yenye bendera. Tuulize fedha zilifika lini, zilikuwa ngapi, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuzizuia.