Mfupa wa ng'ombe wageuka kidani

MFUPA wa ng'ombe, ambao kwa wengi thamani yake hukoma supu inapokwisha, ni malighafi ya bangili, vipuli na vidani vinavyochongwa kwa mikono katika karakana za mtaa wa Kibera, Nairobi.

Kazi huanzia kichinjioni. Mfupa unaofaa ni wa muundi, kwa kuwa ni mnene na umenyooka. Fundi huukata ncha zote mbili kwa msumeno, akautoa uboho, kisha akauchemsha kwa maji ya sabuni ili mafuta yatoke. Hapa ndipo ustadi hupimwa. Mafuta yakisalia, kipuli kilichouzwa kikiwa cheupe hugeuka manjano na kunuka sikioni mwa mwenyewe. Nao mfupa uliochemshwa kupita kiasi hupasuka keekee inapougusa. Wapo wanaoharakisha weupe kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo. Hiyo ni hasara, kwani klorini huula mfupa. Afadhali haidrojeni peroksaidi.

Ukishakauka, mfupa hukatwa vipande, hutobolewa, husuguliwa kwa msasa na kung'arishwa. Anayetaka nakshi huchora kwa nta ya moto, akakitumbukiza kipande katika rangi nyeusi, kisha akaiondoa nta: palipofunikwa hubaki peupe. Vumbi la kazi hii ni jembamba na huingia mapafuni, hivyo fundi hana budi kuziba pua na mdomo na kuulowesha mfupa anapousugua.

Pembe ya ng'ombe hufuata njia nyingine. Hulainika kwa joto na kupindwa, jambo lisilowezekana kwa mfupa.

Weupe wa mfupa, hata hivyo, humtia mnunuzi shaka, hasa msafiri anayehofia kukamatwa uwanja wa ndege. Kenya iliteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali kwa wanaozichuuza. Mfupa wa ng'ombe haumo katika marufuku hiyo. Ukitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonyesha vitone na vistari vyeusi vilivyokuwa mapito ya damu. Pembe ya ndovu haina hivyo. Ikikatwa mkingamo, huonyesha mistari iliyopishana mithili ya wavu. Kwa kuwa rangi huzificha alama hizo, ni busara fundi auache upande wa ndani wa bangili bila kuupaka chochote.