Baraza la Ujiji ambalo hakuna aliyelichora

Wadau, mwaka 1812 wasanifu wawili wa Napoleon, Charles Percier na Pierre Fontaine, walitoa jijini Paris kitabu kikubwa chenye kurasa 72 za michoro iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba na kupigwa chapa. Humo mna vitanda, viti, dari na kuta zilizopambwa kwa mtindo wa Ugiriki na Roma ya kale. Fundi ambaye hajawahi kukanyaga Paris aliweza kukifungua na kuiga. Nyumba ikibomolewa, chumba kinabaki kwenye karatasi.

Ujiji nako watu walipamba nyumba zao, ila hapakuwa na kitabu. Kidogo tunachokijua kimeandikwa na mwandishi wa habari mwenzangu (mwenzangu kwa kazi tu, jamani!), Henry Morton Stanley wa New York Herald. Mwaka 1871 alipomkuta Livingstone, alikaribishwa barazani, chini ya upenu mpana. Akaeleza kiti cha mzee: mkeka, juu yake ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wa baridi.

Basi, hiyo tu. Lakini sentensi hiyo mimi naipenda kuliko mashada yote ya Paris. Percier na Fontaine walisisitiza kwamba pambo lisiachane na matumizi. Ngozi ile ya ukutani imetimiza hilo bila kusoma kitabu.

Stanley alichapisha kitabu chake London mwaka 1872, nacho kilikuwa na picha za kuchongwa. Iliyozunguka dunia ni ile ya Wazungu wawili wanavuliana kofia, na umati kando. Wakubwa wa mji waliokuwepo pale, akina Mohammed bin Sali, kwenye picha wamegeuka fanicha. Hata makumbusho ya Ujiji iliweka sanamu za wawili hao na kofia zao. Aliyesuka mkeka hajatajwa popote, wala aliyeikausha ngozi.

Sisi tumeipokea picha ya kofia, tukaibandika kwenye vitabu vya shule. Baraza tumeliacha.

Kwa hiyo ombi langu: mwenye picha, au hata mchoro wa penseli, wa nyumba ya zamani ya Ujiji kwa ndani, kabla ya makochi ya sponji, anitumie. Nataka kuona mikeka ilitandikwa upande gani, na ngozi zilipigiliwa wapi.