Bamba la Kupachua: Istilahi ya Bodi ya Gari na Kiunzi Chake

Kitu tunachokusudia kukitafutia jina katika makala hii mafundi wa Mbeya na Iringa hukishika mikononi kila siku. Ni kile kipande cha bati, cha alumini au cha faiba kinachofunika sehemu moja ya gari, kikakaa imara juu ya kiunzi wakati wa safari, walakini kikaweza kuondolewa kwa spana bila ya kukatwa wala kuvunjwa, na baadaye kikarejeshwa pale pale kilipokuwa. Sifa mbili zimo humo, kukaa na kutoka, na jina litakaloitaja moja na kuisahau ya pili litakuwa limetoa nusu ya habari.

Mfano ulio bora wa kitu hiki katika nyanda za juu kusini ni Land Rover ya zamani, gari lililozoeleka katika mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, katika misheni na ofisi za serikali, na katika safari za hifadhi ya Ruaha. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, baada ya Maurice Wilks wa kampuni ya Rover kutamani gari la shamba litakalochukua nafasi ya jeep ya Kimarekani aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Wakati ule vita vilikuwa vimekwisha lakini taabu zake hazijakwisha, na kwa kuwa chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, hali alumini ilipatikana kwa wasaa zaidi, waundaji walitengeneza chesisi ya chuma kilichochomelewa, kisha juu yake wakafunga kwa bolti bodi ya alumini iliyochanganywa na magnesiamu. Jambo lililoanza kwa dhiki likageuka kuwa fadhila, kwani mwenye gari aliyegonga kisiki njiani Chunya hakuhitaji kiwanda: alihitaji spana, msaidizi mmoja, na madigadi jingine kutoka gari lililokwisha kufa. Hata gari hilo lilipokoma kuundwa huko Solihull mwezi wa Januari 2016, likiitwa Defender, kanuni hiyo ya bodi kukaa juu ya chesisi kwa bolti ilikuwa haijaachwa.

Wako pia watu wa Ulaya wanaonunua gari zima likiwa vipande ndani ya masanduku na kuliunga wenyewe nyumbani. Mashuhuri katika magari hayo ni Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957, na sababu moja ya kuuzwa hivyo ilikuwa kodi, maana sheria ya Uingereza ya zama zile ililitoza gari lililokamilika na kuziacha sehemu zake. Kwetu Afrika Mashariki jambo la jinsi hiyo limejulikana zaidi viwandani kuliko majumbani: huko Thika nchini Kenya, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland, Land Rover zililetwa vipande vipande zikaungwa hapo. Gari liwe limeungwa na kiwanda au na mtu mmoja katika banda lake, swali linalomkabili muungaji ni lile lile: kipande kipi kichomelewe daima, na kipi kiachwe huru kutoka?

Kazi yenyewe ina adabu zake, na ni wajibu kuzieleza kabla ya kulitazama neno, kwa sababu jina la kitu cha ufundi hufaa linapoafikiana na matendo yanayokizunguka. Matundu ya bolti aghalabu hutobolewa makubwa kidogo kuliko bolti, au marefu upande mmoja, ili kipande kipate nafasi ya kusogezwa hata kilingane na jirani yake. Pale ambapo mkono hauwezi kufika nyuma, nati huchomelewa mapema upande wa ndani, au hutiwa katika kizimba kidogo cha bati kinachoizuia kuzunguka. Fundi mwenye subira hutia bolti zote kwa vidole kwanza bila ya kuikaza hata moja, akatazama nafasi iliyopo baina ya mlango na nguzo na baina ya boneti na madigadi, na pindi zote zinapokuwa sawa ndipo anapokaza, kidogo huku na kidogo kule. Anayekaza ya kwanza kwa nguvu zake zote kabla ya kuiona ya mwisho huishia kulipinda bati ili lifuate kosa la bolti.

Barabara nazo zina hukumu yao. Chesisi hujinyonga gurudumu moja linapopanda jiwe na jingine likabaki chini, na bodi iliyokazwa bila ya mpira wala washa hupasuka penye matundu, au hulegeza nati zake moja baada ya moja hata gari zima likapiga kelele. Kwa hiyo hutiwa washa za springi, au nati zenye nailoni ndani, na mipira ya kupokea mtikisiko. Fauka ya hayo, katika wilaya yenye mvua nyingi kama Rungwe, alumini iliyolazwa moja kwa moja juu ya chuma hailindiki kwa muda mrefu. Kwani metali mbili zisizo za asili moja zinapogusana, na maji ya tope yakawa baina yao, hutokea mkondo mdogo wa umeme, na katika mkondo huo alumini ndiyo inayoliwa, ikatoa unga mweupe chini ya rangi hadi rangi ikainuka malengelenge. Dawa yake ni kuzitenga metali hizo kwa rangi, kwa mpira au kwa grisi. Na neno linalostahili kuangaliwa hapa ni kwamba dawa hiyo haiwezekani kurudiwa isipokuwa kipande kiwe kinatoka: kutoka kwake ndiko kunakokiwezesha kudumu.

Sasa na tuyapime majina yaliyopo. Bodi ni neno lililokwisha kuenea, lakini hubeba gari zima la juu, na fundi bodi hunyoosha na kupiga rangi pasipo kubagua kipande. Tena bodi ni baraza la wakurugenzi. Paneli lingefaa kama si kwamba katika vijiji vya Kilolo na Mbozi neno hilo limekwisha kuchukuliwa na sola, na mtu akitaja paneli, macho ya wasikilizaji huelekea juu ya paa. Bati lina ubora wa kufahamika, ila halikubali faiba, na makazi yake ya kwanza ni hilo hilo paa. Limebaki bamba, neno la kale la pwani, lenye maana ya kipande chembamba na bapa, nalo limekwisha kuingia barabarani kwa jina la bamba la namba. Bamba halidai metali moja wala umbo moja. Ndilo tunalolichagua.

Kuhusu kinachobeba mabamba, chesisi na kiunzi si kitu kimoja, ingawa huchanganywa. Chesisi ni ile mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa mihimili mifupi, inayobeba injini, springi na mzigo. Kiunzi, neno lililozaliwa na kuunda, kama vyombo vya baharini vinavyoundwa, ni mifupa ya umbo lolote; mjenzi wa bodi za basi husimamisha juu ya chesisi kiunzi cha mabomba ya pembe nne, na kiunzi hicho ndicho kinachovikwa mabamba. Gari dogo la kuunga huweza kuwa na kiunzi tu, kikifanya kazi zote mbili. Mwandishi akiyatenga maneno haya mawili ataokoa maelezo mengi.

Lililo gumu zaidi ni kitenzi. Katika gereji za Mwanjelwa na Ipogolo utasikia kufunga na kufungua: funga bampa, fungua madigadi, nayo ni lugha safi ambayo hakuna mwenye haki ya kuikataza. Lakini hebu tuitie katika kitabu cha mafunzo. Mwanafunzi akiambiwa afungue boneti, ainue kifuniko atazame injini, au atoe bawaba zake akakiweke kando? Akiambiwa afungue mlango? Fundi aliyesimama karibu huelewa kwa ishara ya mkono wa mwalimu, ilhali kitabu hakina mkono. Kubandika na kubandua nako kunaegemea gundi, na kuchomelea hakuna kinyume chake ila kukata. Hapo ndipo linapofaa pachika, yaani kutia kitu mahali pake kikakaa, pamoja na pachua, yaani kukitoa mahali hapo. Ni jozi iliyoundwa kwa kanuni ile ile iliyotupa tega na tegua, ziba na zibua, ambayo kwa silabi moja hueleza kwamba tendo la pili linaliondoa la kwanza pasipo kukiharibu kitu.

Kwa sababu hiyo istilahi tunayoipendekeza ni bamba la kupachua, kwa wingi mabamba ya kupachua. Baadhi ya wasomi watauliza kwa nini lisiwe la kupachuliwa, kwa kuwa bamba halijipachui lenyewe. Jibu ni kwamba mazoea ya lugha yamekwisha kuhukumu: kiti cha kukunja hakikuitwa cha kukunjwa, wala meno ya kubandika hayakuitwa ya kubandikwa, na hakuna aliyepotea kwa ajili hiyo. Kinyume chake kitakuwa bamba la kuchomelea, na baina yao litakaa bamba la ribiti, ambalo hutoka kwa kutobolewa misumari yake na kurudi kwa misumari mipya.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, maneno mengi yamepitishwa mezani, na mengine yamelala vitabuni kwa kuwa hayakujaribiwa katika sentensi ya kazi. Hili na lijaribiwe kwa maagizo haya: Pachua mabamba ya mbele kabla ya kuchomelea chesisi; safisha kiunzi, kipake rangi, tia mpira kila penye bolti; pachika mabamba yote kwa vidole, yalinganishe, ndipo ukaze; kisha fungua na ufunge boneti mara kadhaa uone kama inagusa madigadi. Katika maagizo hayo kufungua kumebaki na maana yake ya mlango na kifuniko, kupachua kumechukua kazi ya spana, na mwanafunzi wa chuo cha ufundi pamoja na fundi asiyepata kusoma Kiingereza watatenda jambo moja, kwa utaratibu mmoja.