Miaka 30 ya Rosemary Karuga

Wanaoandika historia ya sanaa huhesabu maonyesho. Kwa hesabu hiyo, Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928, alichelewa sana. Alisomea sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, wakati wanawake darasani walikuwa wa kuhesabika. Kisha akawa mwalimu wa shule na kulea familia. Alipostaafu, miaka ya 1980, ndipo sanaa ikawa kazi yake. Kwa kukosa fedha za rangi, alikata karatasi za sabuni na pakiti za unga, akazibandika zikawa picha za watu na wanyama. Ujuzi alikuwa nao tangu chuoni. Alichokosa ni nafasi na kipato. Historia inayohesabu maonyesho peke yake huiruka miaka hiyo zaidi ya 30, na sababu zake pia.