Stelingi Hafi: Mpelelezi Sugu Ndani ya Filamu za Runinga

Usiku wa tarehe 7 Oktoba 1954, kituo cha CBS nchini Marekani kilizindua kipindi cha michezo ya kuigiza kilichoitwa Climax!. Mchezo wa kwanza ulikuwa The Long Goodbye, kutoka riwaya ya Raymond Chandler iliyokuwa bado mbichi madukani. Dick Powell alikuwa Philip Marlowe, mpelelezi wa kujitegemea wa Los Angeles. Enzi hizo mchezo ulirushwa moja kwa moja; ukikosea, umekosea. Basi mwigizaji Tristram Coffin, aliyekuwa amelala chini kama maiti, akadhani kamera imeshamwacha. Akainuka na kujiondokea zake, nchi nzima ikimtazama.

Kisa hicho kinachekesha, lakini Chandler mwenyewe hakuwa mwandishi wa kuchekesha maiti. Yeye na wenzake walitoka kwenye majarida ya bei poa, hasa Black Mask lililoanzishwa mwaka 1920. Dashiell Hammett, mkubwa wao, aliwahi kuajiriwa na kampuni ya upelelezi ya Pinkerton, kwa hiyo alijua kwamba kazi hii ni kusimama gizani kwa saa nyingi, kudanganywa na mteja na kulipwa kidogo. Mpelelezi wao ni mtu sugu. Anapigwa, anakunywa, hana mke, hawaamini polisi wala matajiri, na akimpata muuaji mji unabaki mchafu vilevile.

Msomaji wa Kiswahili anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anavuta kiko chake na kufumbua fumbo kwa akili. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, anafikiri huku bastola iko mkononi. Huyu wa pili, ingawa ni jasusi wa serikali, ndiye aliye jirani na watu wa Black Mask.

Kwa nini runinga ilimpenda mtu wa namna hiyo? Sababu ya kwanza ni pesa. Hadithi ya polisi inataka kituo kizima, hadithi ya vita inataka jeshi. Mpelelezi wa kujitegemea anahitaji ofisi moja, chupa ya wiski kwenye mtoto wa meza, gari, na barabara za Los Angeles ambazo studio tayari zilikuwa zimezungukwa nazo. Kazi yake yenyewe ni kugonga milango na kuuliza maswali, yaani watu wawili chumbani wakizungumza, na hakuna picha rahisi kupiga kuliko hiyo. Pale hadithi inapopwaya, sauti ya mpelelezi anayesimulia inaziba tundu. Halafu kuna uso. Kioo cha runinga ya zamani kilikuwa kidogo, mandhari hayakuonekana vizuri, ila uso uliochoka ulionekana vizuri sana.

Filamu iliyotengenezwa mahususi kwa runinga ilianza miaka 10 kamili baada ya maiti yule kutembea: tarehe 7 Oktoba 1964, NBC ilipoonyesha See How They Run iliyotengenezwa na Universal. Haikupangwa iwe ya kwanza. Universal walikuwa wamemkabidhi mwongozaji Don Siegel hadithi fupi ya Ernest Hemingway, The Killers, naye akarudi na filamu ambayo NBC iliitazama na kuikataa kwa ukatili wake. Ilikuwa imepigwa wakati Marekani ikiomboleza kifo cha Rais Kennedy, na hakuna aliyetaka kupeleka risasi za namna ile sebuleni kwa watu. Ikapelekwa kwenye majumba ya sinema.

Nenda kaitazame hata leo. Wauaji wawili wa kukodiwa, Lee Marvin na Clu Gulager, wanaingia kwenye shule ya vipofu na miwani yao myeusi, wanamtisha karani, wanapanda ngazi na kumuua mwalimu, John Cassavetes, ambaye ameshaonywa kwamba wanakuja. Hakimbii. Jambo hilo linamkera Marvin: kwa nini mtu asikimbie kifo? Kwa hiyo wauaji wenyewe wanageuka wapelelezi, wanaanza kuuliza maswali ambayo Marlowe angeuliza. Ronald Reagan, katika filamu yake ya mwisho kabla ya kuingia kwenye siasa, ni tajiri mwovu anayempiga Angie Dickinson kofi. Mwishoni Marvin, risasi mwilini, anawaelekezea polisi kidole kana kwamba ni bastola, kisha anaanguka. Stelingi anakufa, pesa zinapeperuka kwenye majani.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo filamu bora ya aina hii iliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya runinga, na runinga haikuitaka. Sitii chumvi. Kilichofuata kwa miaka 30 ni jitihada za kutengeneza kitu kinachofanana na The Killers bila kile kilichoifanya The Killers iume.

Mwaka 1969 ABC ilianza kutoa filamu mpya kila wiki katika nafasi ya dakika 90. Ukitoa matangazo ya biashara, filamu yenyewe ilibaki na dakika kama 74. Ndiyo urefu wa Duel ya Steven Spielberg ilipoonyeshwa mwaka 1971, na ilipopelekwa kwenye sinema ilibidi iongezwe. Ufupi huo haukuwa tatizo, hadithi za Black Mask zilikuwa fupi pia. Tatizo lilikuwa mikato. Kila baada ya dakika kadhaa lazima kitokee kitu cha kumzuia mtazamaji asibadilishe kituo wakati wa tangazo. Mpelelezi anafungua mlango, chumba giza, kitako cha bastola kinamshukia kisogoni. Sabuni ya kufulia. Mpelelezi anaamka, anajishika shingo, anavaa kofia. Ukizitazama filamu hizi sasa bila matangazo utagundua kwamba mtu huyu anapoteza fahamu kwa ratiba.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba nyingi kati ya hizi hazikuwa filamu kamili. Zilikuwa majaribio. Studio ilitoa filamu, na ikipata watazamaji mfululizo unafuata. Sasa mtu unayetaka arudi kila wiki huwezi kumuua, huwezi kumvunja moyo kabisa, huwezi hata kumfanya afanye jambo lisilosameheka. Stelingi hafi, kama watoto wa mabanda ya video wanavyojua.

Aliyeumia zaidi na sheria hiyo ni Mike Hammer. Mickey Spillane alimtoa katika I, the Jury mwaka 1947, na kitabu kinakwisha Hammer akimpiga risasi ya tumbo mwanamke anayempenda, kwa sababu ndiye aliyemuua rafiki yake wa vitani. Hapo Hammer ni mlalamikaji, hakimu na mnyongaji kwa mpigo. Ni kitabu kibaya kwa namna nyingi, lakini hakimdanganyi msomaji kuhusu mtu huyo.

CBS ilipomleta tena mwaka 1983 katika Murder Me, Murder You, ilimpa sura ya Stacy Keach, masharubu, kofia ya enzi za vita na koti refu katikati ya New York ya kina dada wa mazoezi ya aerobiki. Bastola yake ina jina: Betsy. Na humo Hammer anagundua kwamba ana binti ambaye hakuwahi kumjua. Yule muuaji wa 1947 sasa ni baba mwenye uchungu. Sauti ya Keach inasimulia kila kitu kwa mzaha wa kimyakimya, wasichana wanapita mbele ya kamera bila sababu yoyote ya hadithi, na juu ya yote kuna saksofoni ikipiga Harlem Nocturne, wimbo ambao Earle Hagen aliutunga mwaka 1939. Saksofoni ile inafanya kazi kuliko waandishi wote. Inakuambia usiku umeingia na mji una huzuni, hata kama unachokiona ni uwanja wa studio uliofagiwa vizuri.

Na bado watu walipenda. Filamu ya pili, More Than Murder, ilitoka Januari 1984 na mfululizo ukaanza mara moja. Aprili mwaka huohuo Keach alikamatwa na kokeini kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Akafungwa miezi tisa, akatumikia sita katika gereza la Reading. Alipotoka, CBS ikamrudisha mwaka 1986 na filamu nyingine. Nadhani siri ni Keach mwenyewe, mwigizaji wa jukwaani aliyezoea Shakespeare, ambaye aliyasema maneno ya kipuuzi kana kwamba yana uzito. Ubaya wa mavazi yasiyo na mtu ndani ulidhihirika mwaka 1994, Come Die with Me ilipomweka Rob Estes chini ya kofia ileile na Pamela Anderson akawa Velda, katibu muhtasi wake. Kofia ilikuwepo. Hammer hakuwepo.

Hammett naye hakupona. Mpelelezi wa The Dain Curse kitabuni ni mtu mfupi, mnene, wa makamo na asiye na jina. CBS mwaka 1978 ilimchukua James Coburn, mrefu na mwembamba kama mlingoti, ikampa jina la Hamilton Nash, na kuitandaza hadithi kwa usiku tatu.

Waliofanikiwa ni wale walioacha kofia nyumbani. Mwaka 1974 pekee NBC ilileta filamu ya kwanza ya The Rockford Files, na ABC ikaleta Smile Jenny, You're Dead. Jim Rockford wa James Garner anaishi kwenye nyumba ya magurudumu pale ufukweni Malibu, bastola yake huiweka kwenye kopo la biskuti, na anadai dola 200 kwa siku pamoja na gharama, ambazo wateja wengi hawamlipi. Amewahi kufungwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Akipigwa, anaumwa kweli; Garner mwenyewe alizifanya purukushani nyingi hadi magoti yakamharibikia. Hapa sheria ya runinga haimdhuru mtu, kwa sababu mtu asiyependa kufa ana haki ya kubaki hai wiki ijayo.

Harry Orwell wa David Janssen, katika Smile Jenny, ni polisi mstaafu mwenye risasi mgongoni, anayepanda basi kwa sababu gari lake haliaminiki, na anayeunda mashua ambayo haimaliziki. ABC ilishajaribu filamu moja ya Harry mwaka 1973, ikaona haijaiva, ikaagiza nyingine. Ya pili ina jambo ambalo Spillane asingelifikiria: Harry anasimamisha upelelezi ili kumsikiliza mtoto anayezurura ufukweni bila mzazi, nafasi iliyochezwa na Jodie Foster akiwa bado mdogo. Mtoto huyo hahusiani na muuaji. Yupo tu, kama watu wanavyokuwepo mjini, na Chandler angeielewa sababu.

Baadaye runinga ya kulipia iliondoa matangazo na vizuizi. HBO ilipotengeneza Poodle Springs mwaka 1998 ilikuwa na James Caan kama Marlowe, Bob Rafelson kama mwongozaji na mswada wa Tom Stoppard. Uhuru wote huo, na bado filamu ni nzito miguu. Basi lawama zote tusiwatupie wauza sabuni.

Garner alirudi kama Rockford katika filamu nane za CBS kati ya 1994 na 1999, mwendo ukiwa mzito, utani ukiwa uleule. Anayetaka kuionja aina hii aanze na Smile Jenny, You're Dead, kisha filamu ya kwanza ya Rockford, na The Killers aiweke kwa siku ambayo watoto wamelala. Murder Me, Murder You aifungulie sauti kwa ajili ya saksofoni; picha akiikosa, hajakosa kitu.